W ya Wanga

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Leo mwanangu Bilal amefunga injini! Miezi saba imelala vipande vipande sebuleni kwangu, nikienda jikoni naruka pistoni. Sasa iko ndani ya Datsun yake, na Datsun yenyewe si Datsun tena. Kabureta mbili badala ya moja. Kichwa cha injini kimechongwa. Ekzosi imekatwa, ikinguruma kuku wa jirani wanasahau kutaga. Kakamega nzima hakuna fundi kama yeye. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Nasema kwa sababu ni kweli, halafu pia ni wangu.

Jumamosi ni mashindano ya magari huko Navakholo, mizunguko kumi kwenye udongo mwekundu wa murram. Lakini sisi hatutafuti kombe. Kuna mzee Kibiwott wa Eldoret, mwenye karakana kubwa, anayetafuta fundi mkuu. Ameahidi kuja kuikagua injini hii mwenyewe. Ikimpendeza, kazi ni ya Bilal. Ikifa, Bilal anarudi kuziba pancha za baiskeli sokoni.

Imebaki oili tu. Nikatangaza kwamba oili nitaichagua mimi. Bilal akaniomba kwa adabu nimwachie. Nikamuuliza nani alimchagulia maziwa alipokuwa mchanga. Akaniandikia kwenye karatasi: 20W-50, lita nne.

Dukani kwa Abdulmalik wa spea nikasimama mbele ya mikebe nikasoma karatasi yangu. Ishirini. W. Hamsini. Abdulmalik alikuwa na wateja, sikumsumbua. Darasa la tano nililosoma lilinitosha. Mimi nimezaliwa Mumias, W naijua. W ni ya Wanga, watu wa kwetu! Na namba ni umri: vijana wa Wanga, kuanzia miaka ishirini mpaka hamsini. Bilal ana ishirini na nne. Imemkaa kama kofia.

Nimerudi nyumbani nimebeba mkebe kichwani. Niliowakuta njiani wote nimewaeleza.

Jumanne, 6 Agosti

Risper amenikoroga roho. Huyu ni jirani yangu, kwao ni Lugari, kwenye mashamba makubwa ya mahindi, naye hakubali tusahau. Mwanawe Cornelius naye ana gari la mashindano, Corolla, na naye anakimbia Jumamosi.

Nilimweleza habari za W. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema W ni ya Wazungu. Kisha akatoa mkebe wake, rangi ya dhahabu, umetoka Nairobi. Akaufungua, akachovya kijiti, akanionyesha. Oili inatiririka kama chai ya rangi! Akasema ya kwetu ni nzito kama uji wa matanga, ni ya trakta hiyo.

Nilijifanya sijasikia. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye namba. 5W-30. Nikapiga hesabu palepale. Kuanzia miaka mitano mpaka thelathini. Bilal yumo! Lakini Cornelius ana thelathini na mbili. Nakumbuka alivyozaliwa, Risper hakubali tusahau hilo pia.

Maskini Cornelius. Oili ameshaipita umri na mama yake hajui.

Jumatano, 7 Agosti

Nimefanya wema mkubwa leo.

Hivi. Oili ya Nairobi haimfai Cornelius lakini inamfaa Bilal. Oili ya Wanga inamfaa Bilal lakini inamfaa Cornelius pia. Basi mwenye akili afanye nini? Kumwambia Risper haisaidii, atacheka tena.

Nikapika chapati kumi. Nikazipanga juu kwenye kikapu kikubwa. Chini ya chapati, mkebe wetu. Kando yake, kibuyu kitupu, kile kikubwa tunachoweka maziwa lala ya Jeruto, mama wa Eldoret anayetuuzia maziwa. Athman, yaani baba Bilal, akauliza chapati zinaenda wapi naye hajala. Nikamwambia ni sadaka. Akasema sadaka huanzia nyumbani.

Risper alifurahi kuletewa chapati kwake. Nikamwambia nimeona mbuzi kwenye mahindi yake. Akatoka mbio na mwiko mkononi. Hapo nikafanya kazi! Ya Nairobi nikaimimina kwenye kibuyu. Ya Wanga nikaimimina kwenye mkebe wa dhahabu. Ya kibuyu nikaimimina kwenye mkebe wetu. Hakuna tone lililopotea. Wizi ni kuchukua. Hapa nimechukua nikaacha.

Risper akarudi akihema, akasema hakuna mbuzi. Nikamwambia watakuwa wameshiba.

Jioni Bilal alikuwa kichwa chini ndani ya gari akikaza nati. Nikamwambia atulie, oili nammiminia mimi, mkono wa mama una baraka. Akacheka, akakubali. Ilishuka upesi kama maji ya wudhu. Moyo ukanitulia.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ndefu.

Mzee Kibiwott alifika baada ya sala. Mtu mkubwa, mpole, kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwandalia ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, lakini akasema injini kwanza.

Bilal akawasha. Ah, mlio! Majirani wakatoka nje. Risper pia alitoka, nikamwangalia nihakikishe anasikia. Injini ikapata moto, Bilal akaongeza mafuta. Mara juu kule kwenye valvu kukaanza kulia tiki tiki tiki, kama cherehani iliyokosa mwenyewe. Mshale wa presha ya oili ukaanza kushuka. Mimi nikadhani ni mshale mzuri, unapumzika.

Bilal akazima hapohapo. Mbele ya mgeni, mbele ya majirani, mbele ya kazi yake. Risper akakohoa.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua kati ya vidole. Akamweleza mzee kwamba injini hii ameifunga ikiwa na nafasi pana kwenye beringi, kwa ajili ya joto la mashindano, na inataka oili nzito. Hii ni nyepesi mno. Tena ina weupe, kama imeingia maji. Dakika tano zaidi, beringi zingekwisha, na kesho asingefika hata mzunguko wa pili.

Mzee akachukua kile kijiti. Akanusa. Akanusa tena, akafumba macho kama mtu aliyekumbuka kwao.

"Hii oili imelala kwa kibuyu cha maziwa," akasema. "Na kibuyu chenyewe kimesuguliwa mkaa wa kwetu."

Bilal akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Athman akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo sadaka. Nikajibu kwamba niliihamisha tu, ipate kupumzika. Kwani vitu vizuri havipumziki? Bilal aliinama akafungua nati ya chini, oili yote ikamwagika kwenye karai. Hakunigombeza. Hilo ndilo liliniuma. Alifuta mikono, akaenda mwenyewe kwa Abdulmalik kununua 20W-50 nyingine.

Nilikaa jikoni na ingokho yangu inapoa. Akilini nikamwona Bilal amezeeka sokoni, na pampu ya baiskeli, kwa sababu yangu. Nikalia kidogo, kwenye leso.

Kisha nikasikia mzee Kibiwott anaongea na Athman pale dirishani.

"Madereva nimewaona wengi wanaoshinda," alisema. "Fundi anayezima injini mbele ya watu ndiyo mara ya kwanza. Huyu kijana aanze Jumatatu ya wiki ijayo."

Niliinuka nikapasha ingokho moto.

Jumamosi, 10 Agosti

Navakholo! Vumbi mpaka kwenye meno. Magari kumi na moja. Saba yamefika mwisho.

Bilal wa nne. Injini haikukohoa hata mara moja. Mzee Kibiwott alisimama karibu nami, kila Datsun ikipita anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kaswida.

Cornelius wa pili. Wa pili! Corolla ilipanda kile kilima kama inavutwa kwa kamba. Risper alirukaruka, akamshika kila mtu mkono, akisema ni oili ya Nairobi, ni oili ya Wazungu, mmeona wenyewe.

Mimi najua ilikuwa oili gani. Ilikuwa yangu! Nimeichagua mimi, nimeibeba kichwani mimi, nimeimimina mimi. Na siwezi kusema. Nilifungua mdomo mara tatu, mara tatu nikaujaza mahindi ya kuchoma.

Halafu Risper akaja, uso unang'aa, ameshika mkebe wa dhahabu. Akaniambia: "Mama Bilal, pole kwa ya jana. Imebaki kidogo. Mpelekee kijana naye aone oili ya kweli."

Nimepokea kwa mikono miwili. Nimemshukuru. Mungu ameniona.

Jumapili, 11 Agosti

Abdulmalik alipita kumpongeza Bilal. Nikamuuliza W mbele ya wote, yaishe. Akasema ni neno la Wazungu, winter, yaani majira ya baridi, namba ya kwanza ni jinsi oili inavyotembea injini ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Umri hauhusiki. Athman alicheka mpaka akaenda nje.

Nimemsikiliza kwa heshima. Lakini hapa Kakamega baridi iko wapi? Na Cornelius wa miaka thelathini na mbili alimiminiwa ya Wanga, akawa wa pili. Bilal wa ishirini na nne alimiminiwa ya Wanga, akapata kazi Eldoret. Kazi hiyo nani ameileta? Bila kibuyu changu, mzee angeona wapi kijana anazima injini? Sijidai. Naeleza tu mambo yalivyokwenda.

Bilal amenibusu mkono. Amesema jambo moja tu, kwamba mkono huu wa baraka nisiutie tena ndani ya gari. Nikasema sawa, injini siigusi. Niliapa, na mimi nikiapa nimeapa.

Mwezi ujao kuna mashindano mengine, Likuyani. Leo ndiyo nimejua kwamba breki nazo zina mafuta yake. Hakuna aliyewahi kuniambia! Nimeangalia chupa ya Bilal, imeandikwa namba 3. Nimechungulia ya Cornelius dirishani kwao, imeandikwa namba 4. Sasa, Bilal ni mtoto wangu wa nne. Cornelius kwa Risper ni wa tatu.

Wamebadilishiana bila kujua, maskini.

Kibuyu nimeshakiosha.