Apajok na Misumeno Miwili ya Kakuma

Sogeeni, enyi mliopata kivuli na enyi mliokikosa; zimeni redio, tueni mizigo, mtege masikio. Wapo waliosimulia vita vya wafalme na kuanguka kwa miji. Hapa linasimuliwa jambo zito kuliko hayo: jinsi Apajok wa kingo za mto Turkwel, bwana wa mbuzi mia na kumi na wawili, asiyepepesa jicho mbele ya fisi, alivyochagua msumeno wa injini, Januari ya mwaka 1997.

Adui aliitwa mathenge. Mti huo uliletwa na wataalamu uzuie mchanga, nao ukazuia kila kitu isipokuwa mchanga. Ulikuwa umeizingira ekwar ya Apajok, kipande cha msitu wa mtoni alichorithi kwa babaye, chenye migunga arobaini. Maganda ya migunga yalikaribia kuanguka, nayo ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Lakini hapakuwa na upenyo wa mbuzi wala wa mwenye mbuzi. Mapanga mawili yalikwisha kuvunjika, na mwiba mmoja ulipenya soli ya akala ukafika kwenye mfupa.

Ndipo jirani yake Nabei, mwenye ulimi mtamu na macho ya mwewe, alipowaambia wazee, "Ekwar ambayo mwenyewe haingii, mwenyewe ni nani?" Wazee wakalitafakari neno hilo siku nzima, wakahukumu: ganda la kwanza likianguka watakwenda kutazama, na wasipomkuta Apajok amesimama chini ya migunga yake, mavuno ya mwaka huo yatakuwa ya Nabei.

Basi Apajok akauza madume ya mbuzi pale Lodwar, akapanda lori, akala vumbi la kilomita mia moja na ishirini, akashuka Kakuma mbele ya duka la Rahmo, binti wa Kismayu, malkia wa misumari na mabati.

"Ejok, mzee," akasema Rahmo.

"Ejok. Nimekuja kutafuta silaha."

"Silaha sina, wallahi, utaniletea askari. Misumeno ninayo miwili, na bei ni moja. Mkubwa umekaa mwaka mzima, watu wanautazama kama picha ya harusi."

Ilitolewa nje. Mkubwa ulikuwa mwekundu, kilo kumi, ulimi wake wa chuma inchi ishirini na nne. Mdogo ulikuwa wa rangi isiyo na jina, kilo tano, inchi kumi na nne. Apajok akafanya kama mtu wa kwao afanyavyo anunuapo fahali: akapapasa mgongo, akapima shingo, akahesabu meno. Kisha akaamuru isemeshwe.

Wal, Mdinka mrefu wa kambi ya wakimbizi ya hapo, aliyewahi kupasua miti ya msaji huko Ikwatoria, kusini mwa Sudan, akavuta kamba ya ule mdogo. Ukalia kama mbuzi aliyebanwa mguu mlangoni. Akavuta ya mkubwa. Ukanguruma hata kuku wa Rahmo wakapaa juu ya paa, na wanywaji chai wa kibanda cha pili wakamwaga chai. Apajok akainua mikono yote miwili ikapinda kama pembe, kama mwanamume wa Kiturkana aimbapo dume lake, maana huko mtu huitwa kwa jina la dume alipendalo.

"Kuanzia leo," akatangaza, "mimi ni Apaloreng, baba wa yule mwekundu! Nabei atausikia akiwa bado kitandani, atahama na mkewe!"

"Mzee," akasema Wal, "sisi kule Bor pia tunaimba dume. Yangu ilikuwa Manyang, ya mistari. Nilipigana kwa ajili yake. Lakini siku mto ulifurika, sikushika mkia wa Manyang. Nilishika ng'ombe mdogo, mbaya, ile inajua kuogelea."

"Unataka niende mbele ya wazee na kitu kinacholia mee?"

"Mimi nataka ukate miti."

"Nyamazeni wote," akasema Rahmo. "Mathenge imenifungia njia ya choo wiki ya tatu, naomba ruhusa kwa jirani kama mgeni. Ikateni. Mashine itakayonifikisha chooni, hiyo ndiyo ya mzee."

Majeshi yakahamia nyuma ya duka. Apajok akajifunga shuka, akaushika ule mwekundu, akavamia. Mathenge lakini si mti wa shina moja. Ni mashina tisa yaliyogombana. Ulimi mrefu ulipokuwa ukilikata la mbele, ncha yake iligonga la nyuma, nao ukaruka juu kwa ghadhabu, ukapita na inchi mbili za unyoya wa mbuni kofiani mwake. Akarudi tena kwa ushujaa; shina likainama, likaubana. Ukazimika. Wanaume wawili wakauvuta nusu saa, huku wakitaja mababu wa dini tatu.

"Sasa ule wa mbuzi," akasema Rahmo, akisimama kwa namna ya mtu asiye na muda.

Mdogo ukaingia chini kwa chini, tawi baada ya tawi, ukipiga kelele zile zile za aibu. Wengine husema ulimaliza kwa dakika tano. Ni uongo, zilikuwa kumi na nane kwa saa ya Rahmo, ambaye hakungoja ya kumi na tisa, akapita mbio ambazo historia haina haki ya kuzichunguza.

Apajok akautazama mwekundu kwa muda mrefu. "Wewe," akauambia, "ningekuimbia." Kisha akaubeba mdogo begani, akaenda kutafuta lori.

Ganda la kwanza lilianguka siku ya tisa. Wazee walipofika, Nabei akiwa mbele, walisikia mlio ndani ya miiba.

"Mnasikia?" akacheka Nabei. "Amenunua mbuzi wa chuma!"

Wakaufuata mlio. Ulikuwapo upenyo, upana wa hatua moja, urefu wa hatua sitini na mbili, umekatwa hadi mashinani. Mwishoni alisimama Apajok, damu mikononi, unga wa mti ndevuni, chini ya mgunga wa kwanza wa babaye. Mzee mkubwa akamtazama kuanzia akala hadi unyoya.

"Yumo," akasema, na hukumu ikaisha.

Mbuzi wakawapita wazee bila heshima yoyote, wakaanza kula.

Nabei akabaki nyuma, akikuna shingo. Ekwar yake ilipakana na ile. Na mathenge hautambui mipaka. "Apajok, ndugu yangu, huyo mbuzi wako… huazimwa?"

Apajok akahesabu maganda matatu yakianguka, hesabu ambayo vizazi vitaiweka miongoni mwa ushindi mkuu wa bonde la Turkwel.

"Lete petroli yako," akasema.