Majani Matatu na Chipukizi

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Leo nimeandika jina la biashara juu ya mlango wa ghala la marehemu baba: KIPKURUI, NAKSHI ZA KARATASI ZA UKUTANI. Mvua imenyesha kabla rangi haijakauka. Sasa linasomeka KIPKURUI, NAKSHI ZA KARA. Mvua ya Kiptere haina heshima kwa sanaa.

Hali ni nzito. Tarehe kumi na tatu wageni wanakuja kumposa dada yangu Rebeccah. Koito, sherehe ya posa! Ukoo mzima wa mchumba wake Weldon utatoka Chepseon na kuketi sebuleni kwetu ukitazama kuta. Kuta zetu zina moshi, misumari na kalenda za zamani. Mama anataka kumwita jirani yetu, Phelix Ouko, apake rangi. Phelix! Alisomea chuo cha ufundi miaka miwili na tangu atoke hajapaka kitu kisicho krimu.

Nimemwomba Mama anipe mimi hiyo kazi. Nimemkumbusha kwamba baba alisema nitafika mbali. Mama amesema baba alisema niende mbali.

Jumatano, 3 Desemba

Nimepewa sebule! Si Mama aliyelainika. Ni Rebeccah. Alimwambia angefurahi kuposwa ndani ya kazi ya ndugu yake. Nilitoka nje nikasimama kando ya mabomba ya maji mpaka macho yakauke. Dada yangu ana miaka thelathini na mbili. Amemngoja Weldon miaka minne apate kazi ya kudumu. Hajawahi kuniomba chochote ila niamke mapema.

Sitamwangusha.

Wazo limekuja mara moja: chai. Sisi ni watu wa chai. Chipukizi juu, majani chini yake, halafu mchoro unajirudia mpaka darini. Nimechora nikitazama shamba kupitia dirishani, maana nje kulikuwa na matope. Majani mawili yaliacha pengo upande wa kulia. Nimeongeza la tatu. Pengo limekwisha. Inapendeza.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimechapisha karatasi Kericho mjini, katika duka linalochapa mabango ya harambee na ya mazishi. Mwenye duka, Bi Nyanchoka, alitazama mchoro, akanitazama mimi, akauliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba msanii huwa na hakika. Akawasha mashine.

Nimefunga sebule kwa kufuli. Hakuna kuingia mpaka siku ya wageni. Kila ukuta utafunikwa kwa shuka, nami nitazifunua mbele ya watu wote. Mama amelalamika kwamba ni nyumba yake na habari za saa moja zinampita. Nimemweleza kuhusu wizi wa mawazo katika fani yetu. Ameuliza nani aibe. Sikutaja jina, ila nilitazama upande wa kwa Phelix.

Jumanne, 9 Desemba

Nimebandika kutwa nzima. Gundi ni unga wa ngano na maji moto, siri yangu. Kuku wawili wameigundua.

Saa ya chai ya jioni nikamkuta Phelix anachungulia dirishani. Alitazama kwa muda, kisha akacheka. “Bro, hiyo majani ni refu. Hiyo lazima irudishwe.” Nikavuta pazia. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe.

Lakini neno lake lilinikaa. Marefu? Nimepima. Kweli, karatasi zilikuwa zinagusa sakafu. Nimezikata zote kwa chini, upana wa kiganja. Sasa kuna mstari wa ukuta wenye moshi unaozunguka chumba kizima. Nimeuita ukingo. Hata adui ana faida yake.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika ili nisipige kelele.

Wageni walifika salama. Baba mdogo Johana ndiye aliyekuwa msemaji wetu, kwa kuwa baba hayupo. Wazee wakaketi. Mama akawamiminia mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu. Nikasimama, nikasema maneno machache kuhusu urithi wetu, nikavuta shuka.

Mama alijishika mdomo. Baba mdogo akainama akitazama viatu vyake. Mzee Nicholas, baba yake Weldon, aliinua kidole na kuanza kuhesabu ukutani, polepole, kutoka chini kwenda juu. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Nilidhani amevutiwa! Nikamsogelea nimweleze kuhusu ukingo.

Aliweka kikombe chini bila kukionja. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani katika nyumba hii aliyeambiwa habari zake. Halafu akachukua kofia. Wote wakamfuata. Chakula kilikuwa bado jikoni.

Baba mdogo alinitoa nje akiwa amenishika sikio. Akaniuliza kama sijui chai huchunwa majani mawili na chipukizi. Ukichuna matatu, karani wa kituo cha kupokea chai anakurudishia kikapu chako mbele ya majirani. Na Mzee Nicholas alikuwa karani wa namna hiyo miaka ishirini, mpaka aliposingiziwa kwamba anawapokelea marafiki zake majani matatu. Alifukuzwa kazi. Hajawahi kulisahau jambo hilo. “Na wewe Kipkurui umemkalisha ndani ya hiyo kesi, kuta zote nne!”

Rebeccah alikuwa jikoni amevaa nguo yake mpya. Hakunifokea. Aliuliza tu kama nilijua. Nikaapa kwamba sikujua. Akasema watu wa Chepseon hawatakubali kamwe kwamba sikujua, na yeye amemaliza kungoja. Kisha akavua viatu vizuri, akaanza kugawia majirani chakula cha wageni.

Nimekosa raha kabisa. Sikumbuki siku nyingine niliyotamani hivi kuwa mtu mwingine.

Jumapili, 14 Desemba

Nimeamka na suluhisho! Wembe. Wengine walipokwenda kanisani nilibaki nikikata jani la tatu kwenye kila tawi, ukuta kwa ukuta.

Matokeo hayakuwa niliyotarajia. Kila nilipokata, moshi wa zamani umeonekana. Sasa kila tawi lina majani mawili ya kijani na moja jeusi. La tatu ndilo linaloonekana kwanza.

Mama alirudi, akasimama mlangoni, akatazama. Alikuwa ametoka kuomba. Akaomba tena.

Jumanne, 16 Desemba

Rebeccah amekwenda Chepseon peke yake! Msichana kujipeleka kwa baba mkwe kabla ya mambo kukubaliwa! Baba mdogo amesema jambo hilo halijawahi kuonekana.

Amerudi jioni. Alimwambia mzee kwamba ndugu yake hakumdhihaki, kwamba hajachuna chai hata siku moja maishani mwake. Mzee alikataa. Akasema hakuna mtoto aliyelelewa Kiptere asiyejua majani mawili, labda awe amelelewa kwenye pipa. Rebeccah akamwambia aje ajionee. Akasema atakuja, na akigundua ninaigiza, asisikie tena jina la nyumba yetu.

Nilimuuliza dada yangu kama nianze mazoezi. Alinishika mabega yote mawili na kuniomba, kwa jina la Mungu, nisifanye mazoezi yoyote.

Alhamisi, 18 Desemba

Mzee Nicholas alifika na Weldon. Hakuamkia watu kwa maneno mengi. Nikafungwa kikapu mgongoni, nikaonyeshwa shamba letu, wote wakasimama kwenye uzio. Rebeccah alikuwa amekumbatia mikono yake mwenyewe kama mtu anayesikia baridi.

Nilichuna kwa moyo wote. Nilichagua makubwa, kwa kuwa mgeni hapewi kitu kidogo. Kikapu kilipojaa, mzee akakimwaga juu ya gunia, akapiga magoti, akaanza kupangua. Jani gumu. Jani la manjano. Kijiti. Kingine. Aliinua moja, akaligeuza, akauliza kwa upole hili ni la nini. Mama akamwambia kwamba ni la mparachichi.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, nikarudi nyuma. Kumbe ni kicheko! Alicheka mpaka akaketi matopeni na kofia ikaanguka. Alifuta machozi akasema amepokea majani miaka ishirini, ameona walevi, vipofu na wezi, lakini kikapu kama hiki hakijawahi kumfikia. Akasema ujinga kama huu hauigizwi.

Weldon alimwinua baba yake. Kisha akaenda akasimama karibu na Rebeccah, na dada yangu ndipo alipolia. Mama akaleta kibuyu. Mzee akanywa mursik yote, akaomba nyingine. Koito ni Jumamosi.

Lazima niandike ukweli huu kwa unyenyekevu: kazi ya mikono yangu imemtoa mzee machozi.

Jumapili, 21 Desemba

Jana mambo yamekubaliwa. Ng'ombe wametajwa, wazee wameshikana mikono, Rebeccah amecheka siku nzima. Sebule ilikuwa ya krimu. Phelix aliipaka kwa siku moja na kila mtu akasema imetulia. Sitasema kitu kuhusu krimu.

Jioni Rebeccah alinivuta kando. Alinishukuru, akanikumbatia, akasema ananipenda, na kwamba katika nyumba yake mpya nisiguse ukuta hata mmoja. Nimemwelewa. Anataka nisimwambie mapema.

Nimeshamwomba Weldon ufunguo. Nimesema nataka kupima madirisha.

Wazo limekuja mara moja: ng'ombe, kwa kumbukumbu ya mahari. Ng'ombe wa maziwa amesimama, kiwele kimejaa, halafu mchoro unajirudia mpaka darini. Nimechora ukuta wa mbele kwanza, mahali atakapoketi Mzee Nicholas, ambaye tangu aache ukarani anafuga ng'ombe wa maziwa na ndiye hakimu wao katika maonyesho ya kilimo. Chuchu nne ziliacha pengo upande wa kulia. Nimeongeza ya tano. Pengo limekwisha. Inapendeza.