Komisari wa Mikono

Habari njema ilifika Uvira mwaka ule wa uasi: serikali mpya ilitangaza kwamba mukono wa mufanyakazi umepata uhuru. Hakuna kifundo cha mukono kitakachoumia tena. Kazi ya kulinda mikono akapewa Komisari Bonaventure. Yake ilikuwa mizima kabisa, maana haikuwahi kushika kitu kizito kuliko kijiko.

Amri yake ilikuwa ya hekima: mwenye kuandika alegeze mabega, anyooshe kifundo, na kila akimaliza ukurasa apumzishe vidole. Nani angekataa? Ila amri sharti ifike kila mtaa, na ofisi ilikuwa na mashini moja ya kuandikia na mupigaji mumoja, Pudentienne. Akaipiga asubuhi, akaipiga mchana, karatasi za kaboni zimepangwa ndani, kwa nguvu, ili kopi ya mwisho isomeke. Kifundo kikavimba kama muhogo uliolowekwa.

"Bwana Komisari, minye mukono iko inaniuma. Nyumbani nashindwa kusonga bugali. Watoto watakula nini?"

"Uvumilie, mama. Unaumia ili wengine wapumzike."

"Na minye, nitapumzika lini?"

"Iko mu amri. Piga!"

Pudentienne akapiga.

Kisha ikatoka amri ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Kwa kuwa kalamu inachosha vidole, Kavimvira, mupakani mwa Burundi, hapiti muntu bila lesepase, karatasi ya ruhusa ya kupita, iliyopigwa kwa mashini. Walinzi wawili waliopokea ya kalamu walichapwa viboko, kwa faida ya mikono.

Asubuhi moja watu wakaanza kufunga mizigo: jeshi la serikali ya zamani limekwisha kupita Luvungi, linashuka Uvira. Komisari akaingia mbio, kofia kwapani.

"Pudentienne, unipigie lesepase! Niko naenda Burundi... kwa misheni."

Pudentienne alikuwa amekaa kando ya mashini, mukono wake umefungwa kitenge hadi shingoni.

"Pole, chef. Mukono iko inapumzika."

"Weye! Nani alikuruhusu?"

"Si weye mwenyewe? Amri ya kwanza. Nimeipiga hata naijua kama Baba Yetu."

Komisari akachomoa kalamu. Akakumbuka walinzi wa Kavimvira, na viboko vyao. Akairudisha mfukoni.

Basi akakaa kwenye mashini, kidole kimoja kikitafuta B ya Bonaventure. Barabarani malori yalianza kunguruma. Akagonga kwa hasira. Herufi zikashikana, mashini ikakwama.

"Mabega, baba," Pudentienne akasema kwa upole. "Uyalegeze. Tena usigonge hivyo. Lesepase yako, kopi moja inatosha."