Kifo cha Kobby Ansong, Kilichopangwa na Mimi

Jumatatu, 12 Mei

Uchaguzi wa kiranja wa maktaba ni Jumatano ya wiki ijayo. Wagombea wawili tu. Mimi, Ekua Quansah wa kidato cha pili, niliyesoma mpaka kitabu cha ufugaji nyuki kwa hiari yangu. Na Dzifa Agbenyo, ambaye hajasoma kitu maishani isipokuwa Nisubiri Getini.

Nisubiri Getini! Vitabu vitano vya upuuzi mtupu. Kobby Ansong, mwenye macho ya rangi ya asali, anampenda Serwaa. Serwaa anampenda Kobby. Baba mtu hataki. Basi Kobby anasimama getini kwenye mvua. Kitabu cha kwanza, mvua. Cha pili, mvua. Cha tatu, mvua na radi. Shule nzima ya wasichana inalia! Mimi sijavisoma. Kusimuliwa kumenitosha. Mwezi wa Januari nilisema mezani kwamba mtu mwenye akili timamu angebeba mwavuli. Tangu siku hiyo nakula peke yangu.

Dzifa anavyo vyote vitano ndani ya sanduku lake la chakula, chini ya kopo la shito, ile pilipili ya kukaanga, navyo vimeshanuka pilipili. Anaazimisha kimoja kimoja kwa anayeahidi kura. Rushwa hiyo! Nikamwambia Araba, mtoto wa kidato cha kwanza anayelala kitanda cha juu yangu, kwamba ni rushwa. Akasema ni kweli kabisa sista Ekua, ila zamu yake ya kitabu cha nne ni Alhamisi, nimsamehe.

Lazima nishinde. Nikiwa na ufunguo wa maktaba watanihitaji. Mtu anayehitajiwa hali peke yake.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata! Nimepata!

Kitabu cha sita hakijatoka. Hakuna anayejua kilichomo. Kwa hiyo Kobby atakufa, na nitamuua mimi. Ugonjwa: kichomi. Mvua zote hizo bila hata sweta, nani atabisha? Kobby akishakufa, nani tena atahangaika na sanduku la Dzifa?

Nimechora tangazo la kifo, sawasawa na yale yaliyobandikwa kila ukuta wa mji wetu wa Saltpond. Juu kabisa: MSHTUKO MKUBWA! Katikati, picha (macho yametoka makubwa mno, kama ya bundi, lakini basi). Chini: Kobby Ansong, maarufu kama Macho ya Asali, miaka 18. Nimelibandika kwenye mlango wa bwalo. Kazi safi.

Jumatano, 14 Mei

Mayowe mpaka uji umepoa.

Wakanivamia: nimejuaje? Nikasema mama yangu mdogo anafanya kazi kwenye kiwanda kinachochapa vitabu hivyo, Accra. (Mama mdogo anauza samaki wakavu sokoni Mankessim. Hayo hayawahusu.) Dzifa akaniita mwongo mbele ya watu, mwongo na mchawi, lakini tangazo hakulibandua. Araba alinitazama kwa muda, akasema pole kwa msiba, sista.

Halafu, balaa! Sikutegemea. Badala ya kuvitupa vitabu, sasa kila mtu anataka kuvirudia tangu mwanzo. Foleni kwenye sanduku la Dzifa imefika nje ya bweni. Nimemuua Kobby, na maiti inampigia Dzifa kampeni!

Chakula cha mchana nikamwona Dzifa kasukuma sahani pembeni. Samaki mzima, hajaguswa. Dzifa yule anayelamba hata mifupa. Iliniuma. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: iliniuma. Nilisimama kwenda kumwambia.

Hapo akaingia Madamu Otoo, mlezi wa bweni, mwanamke ambaye hata mbu wanamwogopa. Akauliza vilio hivi vya nini. Akaambiwa Kobby amefariki. Nikajua nimekwisha. Madamu akashika fremu ya mlango, akauliza, "Kobby yupi? Kobby wa getini?" Akakaa kwenye ngazi. Akavua miwani. Akasema siku zote alikuwa anamwambia yule mtoto avae koti.

Nikarudi kukaa.

Alhamisi, 15 Mei

Mambo yamegeuka. Ujumbe wa watu sita umekuja kitandani kwangu, wakiongozwa na Araba. Wanasema marehemu hawezi kupita hivihivi kama paka. Jumatatu anatimiza wiki, na wiki ya kwanza lazima watu wakae, wavae nyeusi na nyekundu, na wasifu wake usomwe. Na kwa kuwa habari ya kifo imeletwa na ukoo wangu, mkuu wa ukoo ni mimi. Wasifu nitaandika mimi.

Nikasema nitalifikiria. Nikalifikiria kwa muda wa kupiga chafya moja.

Ona sasa raha yake! Mkuu wa ukoo anahitaji vitabu vyote vitano kwa mpigo, na hakuna anayeweza kuwanyima wafiwa. Dzifa alinikabidhi kwa mikono miwili, macho mekundu, akaniomba nisikunje kurasa. Sanduku tupu! Kampeni imekwisha!

Ijumaa, 16 Mei

Nasoma kwa ajili ya kazi tu.

Kitabu cha kwanza: upuuzi. Cha pili: upuuzi, ila nimesahau kwenda kula. Cha tatu: huyu baba yake Serwaa ni mshenzi wa kutupwa! Anamfungia mtoto stoo siku ya mtihani! Nilimtukana kwa sauti, Madamu Otoo akapiga dirisha akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia stoo. Akasema ngoja uone shangazi atakavyomfungulia. Amenimalizia utamu, mama yule.

Jumapili, 18 Mei

Nimemaliza cha tano. Machozi kidogo. Huko jikoni walikuwa wanakata vitunguu. Jikoni ni mbali, lakini leo kuna upepo.

Wasifu umefika kurasa kumi na moja. Nimejaribu kupunguza, haupunguziki.

Jumatatu, 19 Mei

Siku kuu ya maisha yangu!

Mabenchi uwanjani. Wasichana mia moja na arobaini, vitambaa vyekundu vichwani. Madamu Otoo kavaa nguo yake nyeusi ya misiba halisi. Nikasoma. Kuzaliwa kwake, shule, ile siku aliyouza saa ya babu yake amnunulie Serwaa vitabu vya mtihani. Nilipofika "akamwacha Serwaa peke yake pale getini", sauti ikakatika. Sikuigiza. Uwanja mzima ukaangua kilio. Dzifa akaniangukia begani akalowesha kola yote, akisema, "Dada, umemwelewa kuliko sisi sote!" Nami nikamshika, nikalia naye, mimi niliyemuua.

Kisha kenkey, yale madonge ya mahindi, na samaki wa kukaanga. Meza yangu ilikaa watu kumi na wanne. Kumi na wanne! Ni meza ya watu wanane. Nilikula kwa mkono mmoja, mwingine haukuwa na pa kukaa. Sijawahi kula nikashiba vile.

Jumatano, 21 Mei

Kura 131 kwa 9. Mia moja thelathini na moja! Inasemekana hata Dzifa kanichagua mimi, maana mfiwa hanyimwi kura. Ufunguo uko shingoni mwangu. Unawasha kidogo, lakini siuvui.

Jumamosi, 24 Mei

Siku ya wazazi. Mama yake Dzifa kaja na kitabu cha sita.

Kobby yu hai. Ukurasa wa kwanza! Anakula perege. Hata kikohozi hana!

Nikakimbilia maktaba nikajifungia. Nikasikia miguu, miguu mingi. Mlango ukagongwa mpaka vumbi likadondoka. Nikasali sala zote ninazozijua na moja ya kubuni. Halafu nikagundua wanaimba.

Wakanitoa juu juu, mabegani. Amefufuka! Kobby wetu amefufuka! Dzifa alikuwa anapiga kelele pembeni kwamba nimewadanganya wote, hakufa hata siku moja, jamani amkeni. Araba akamuuliza, "Kwani sista Dzifa, ulitaka awe amekufa kweli?" Dzifa akaanza kuimba na wenzake.

Baadaye Araba kaninong'oneza kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Mama yake hununua samaki kwa mama mdogo Mankessim. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, tena akaja na ule ujumbe. Akasema, "Sista, ulikuwa unakula peke yako." Nimefikiria jibu hilo jioni nzima. Sioni linahusiana na nini. Mtoto bado mdogo.

Jumapili, 25 Mei

Ibada ya shukrani. Wote tumevaa nyeupe, Madamu Otoo akaongoza wimbo huku akicheza. Mezani leo tulikuwa kumi na sita.

Somo nililopata: ukikichukia kitu kwa bidii na kwa mpangilio, watu watakuheshimu. Kitabu cha sita nimekisoma mara mbili, kutafuta makosa. Sivipendi vitabu hivi hata chembe na sitavipenda.

Uchaguzi wa kiranja mkuu ni mwezi wa Oktoba. Kitabu cha saba hakijatoka. Na huyu Serwaa, ukurasa wa themanini na nane, anakunywa maji ya kisima bila kuchemsha. Homa ya matumbo, wala sihitaji kufikiri. Nimemdokezea Dzifa kwa siri kwamba habari kutoka Accra si nzuri. Ameshaomba awe mfiwa mkuu.