Ulanga Kwenye Kaburi la Mama

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Kibwana, huna haya! Mdogo wangu wa tumbo moja, nimekubeba mgongoni, leo unatangazia kijiji kizima kwamba mimi sijui saruji.

Wanangu wameleta mifuko miwili ya saruji tujengee kaburi la mama. Siku hizi inauzwa dukani kama chumvi, hakuna kibali. Jumapili ukoo unakutana kuamua nani ashike shamba la mama, lile lenye lundo la mabaki ya machimbo ya ulanga, madini yale yanayong'aa. Kibwana analitaka. Mimi nalitaka zaidi. Nitajenga kaburi kwa mabaki yaleyale, waone nani ana akili ya biashara.

Jumanne

Fundi Severini kaja kushauri bila kuitwa. Eti mawe meupe ya lundo yapondwe yawe kokoto, ni imara. Ulanga uchekechwe, utupwe, maana unateleza kama magamba ya samaki, saruji haiushiki. Nimeduwaa. Utupe kinachong'aa ubakize mawe? Nimemwambia akajenge kwake. Mjukuu wangu Mwaisha nimempa kazi: mawe atupe, ulanga aweke.

Alhamisi

Matofali arobaini! Yanang'aa kama kioo cha saluni. Severini kasema niyamwagie maji asubuhi na jioni, siku saba. Ili maji yafute mng'ao? Nimeyaanika juani. Kibwana kaomba kuinua moja, nimemkatalia, ana mikono ya nuksi. Kumbe kazoa mawe niliyotupa, anafyatua yake na Severini. Maskini. Anaokota taka zangu.

Jumamosi

Kaburi tayari. Mwaisha kauliza mbona matofali yanaacha unga kwenye khanga. Nimemwambia hayo ni mapambo, wengine wananunua.

Jumapili

Ya Rabi.

Ukoo ulijaa. Kaburi liliwaka jua hadi watu wakafinya macho. Mama mdogo Raya, mkubwa wetu sote, akaweka kiganja juu ya tofali ainuke. Likamomonyoka. La pili likafuata. Upande mzima ukakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Mama mdogo akautazama unga mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mama yako umemjengea kwa kitu gani hiki?"

Kibwana hakucheka. Afadhali angecheka. Akaleta tofali lake la mawe meupe, akaliachia kutoka usawa wa kiuno. Likadunda chini, zima! Mawe yangu! Shamba wamempa yeye. Kaburi atalijenga upya yeye. Mimi nimepewa kazi ya kumwagia maji matofali yake.

Nimekaa nikawaza. Nimeelewa kosa liko wapi: ukoo wetu una mikono mizito.

Mwaisha, najua unasoma daftari hili. Kesho shuka mjini, Kihonda. Beba matofali mawili yaliyobaki, kwenye ungo, polepole. Tafuta mnunuzi anayejenga nyumba ya ghorofa, asiye ndugu yetu. Ayaone kwa macho. Asiyaguse.