Nywele za Kaboni Juu ya Wembe

Jumatatu, 4 Agosti 1975. Iringa.
Nimeamua. Mimi, Bushiri, mtunza maabara ya fizikia, nitaotesha nywele za kaboni! Gazeti la sayansi aliloniazima Mwalimu Yudith linasema mvuke wenye kaboni ukipigwa umeme ndani ya chupa iliyotolewa hewa, huwaka bila moto na kuacha masizi juu ya chuma. Pengine masizi hayo husimama wima kama nywele. Kwa nini yasimame? Ya jikoni kwetu hulala. Ijumaa anakuja mkaguzi kuchagua kazi moja ya kupeleka maonyesho ya Mbeya. Philbert wa maabara ya baiolojia ana panzi arobaini kwenye pini. Panzi!

Jumanne, 5 Agosti.
Chupa ipo. Pampu ipo. Mvuke wa spiriti upo. Chuma: wembe wangu mpya. Kuwasha tu, umeme ukakatika shule nzima, suruali ya mkuu wa shule ikiwa chini ya pasi. Kauliza nani. Nikasema labda Philbert.

Jumatano, 6 Agosti.
Imewaka! Zambarau, tulivu. Nimekodoa macho mpaka nikasahau chakula. Wembe ukatoka mweusi. Ila hadubini ni ya Philbert. Nikamwambia naitaka nisafishe lenzi. Akauliza tangu lini nasafisha vitu. Akanipa hata hivyo. Maajabu! Weusi wote umesimama kama mahameli. Nikaufuta, nikarudia nikiwa nimeuinamisha wembe. Nywele nazo zikainama! Zinasimama wima kutoka usoni mwa wembe, hata ukiinama; hazijali juu wala chini. Basi nini kinachozivuta? Umeme? Nikamwita Mwalimu Yudith. Akatazama, kisha akasema, "Bushiri, hiki ni kitu. Kiandike. Na uwaambie wenzako, wasije wakakigusa."
Wenzangu ni nani? Philbert?

Alhamisi, 7 Agosti.
Philbert anazungukazunguka dirishani. Nimeurudisha wembe taratibu kwenye pakiti yake, nikauacha wazi kando ya sinki. Nani atashuku wembe?

Ijumaa, 8 Agosti.
Mkaguzi kafika. Philbert naye kafika, kanyoa ndevu kwa heshima ya mgeni. Kidevu kina damu na michirizi myeusi. Eti kaokota wembe sinkini, mbovu kuliko nyembe zote alizowahi kushika. Nikapiga yowe! Nikamshika kidevu, nikamvuta mbele ya mkaguzi. "Mzee, nywele zangu hizi hapa!" Mkaguzi akavaa miwani, akasema yeye anaona ndevu.
Panzi wamechaguliwa.
Philbert kaja kuniomba radhi, uso umemshuka. Kasema ningemwambia, angeulinda wembe ule kama panzi wake. Mwalimu Yudith kaniuliza kama nilimwambia. Nikajifanya natafuta chaki.

Jumatatu, 11 Agosti.
Nimeotesha nyingine, ndefu zaidi! Mkaguzi amemkubalia Mwalimu Yudith: atapita kesho asubuhi kuziona, mara moja tu. Mwalimu kasema safari hii niwaambie watu wote. Watu wote! Sikumwambia mtu. Wembe nimeutia kwenye kikopo cha dawa, kikopo ndani ya bahasha, bahasha katikati ya barua za ofisi zinazokwenda Dar es Salaam. Nani atatafuta sayansi kwenye barua? Tarishi alipokuja kuzichukua alikuwa na haraka, maskini. Nimemsaidia kufunga mfuko.