Nilivyopikwa kwa Kifaransa

Jumatatu, 5 Machi 1951
Memsahib Mbelgiji wa Barabara ya Ngong anatafuta mpishi anayejua Kifaransa. Kazi ni yangu. Mwaka wa 1942 nilikuwa Madagaska na KAR, jeshi la Waingereza, nikiwapikia maofisa. Kifaransa nilikisikia kwa masikio haya. Tatizo ni jirani yangu Habib. Naye alikuwa Madagaska, tarishi wa barua tu, na leo ameitangazia Kibra nzima kuwa ataiomba kazi hiyo. Hajui hata kukaanga kitunguu.

Jumanne, 6 Machi
Nimekwenda kwa Ishmael, fundi cherehani aliyetoka Stanleyville, huko kunakosemwa Kifaransa. Memsahib atauliza kazi zangu za zamani, kwa hiyo nataka kujua kusema yaliyopita. Ishmael anasema Kifaransa hakina "nili" kama yetu. Unatanguliza neno dogo, kisha kitendo. Mara nyingi neno hilo ni j'ai. J'ai cuit, nilipika. Ila vitendo vichache, kama kwenda, kuondoka, kufika, kuanguka na kurudi, vinataka je suis. Je suis allé, nilikwenda. Nikauliza nani alivibagua. Akasema ndivyo ilivyo. Upuuzi. Kitendo ni kitendo.

Jumatano, 7 Machi
Habib amekuja kuniomba nimsaidie. Mpole kama kondoo. Nimemwambia kila kitendo ni je suis, asihangaike na jingine. Amenishukuru, ameniita Mwalimu. Mke wangu Fatna alisikia yote. Anasema nina roho ya fisi. Nimemwambia akoroge uji wake.

Alhamisi, 8 Machi
Siku ya laana. Kwa memsahib, Habib aliitwa kwanza. Nikatega sikio dirishani. Memsahib alimuuliza alifanya nini vitani. Habib akajibu, "Je suis parti. Je suis arrivé. Je suis tombé. Je suis revenu." Aliondoka, akafika, akaanguka, akarudi. Vita vyote vya mpumbavu huyu vilikuwa kutembea! Memsahib akasema très bien, vizuri sana, mara nne.

Papo hapo nikajua Ishmael amenidanganya. J'ai nikaitupa mlangoni. Nikaingia, nikasimama wima kijeshi, nikasema, "Je suis cuit." Memsahib akashika kiti. Nikaongeza, "Je suis mangé." Akacheka mpaka machozi.

"Pole, Bwana Fadlalla," akaniambia kwa Kiswahili. "Unasema umepikwa, halafu umeliwa. Sasa nani atanipikia?"

Kazi amepewa Habib. Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani, nikipiga teke kila jiwe. Kidole kimevimba.

Ijumaa, 9 Machi
Nimemfokea Ishmael mbele ya wateja wake. Akaniuliza kwa utulivu kama nilisema jinsi alivyonifundisha. Swali la kijinga. Nimekwenda zangu msikitini. Baada ya sala nimewaambia watu kuwa Kifaransa ni lugha ya wahuni. Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyesikiliza. Wote walikuwa wakimpongeza Habib.

Jumamosi, 10 Machi
Habib ameniletea bakuli la mchuzi aliopika kwa memsahib. Umeungua. Nimeumaliza wote kwa hasira. Anasema yaliyopita ameshayaweza, shukrani zote ni zangu. Sasa anaomba nimfundishe kusema yajayo.

Nimekubali. Tunaanza kesho asubuhi. Nitamfundisha vibaya kabisa. Safari hii haponi.